Sanaa na majengo ya India, na dini zilizo nyuma yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila picha ya Taj Mahal au ya mungu mwenye kichwa cha tembo inapozungushwa mtandaoni. Yanaanza na ya msingi, kisha yanaingia kwenye yale yenye ubishi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaona namba ya swali lake. Neno India hapa linabeba bara dogo lote la zamani, kwa hiyo sehemu nyingine zinazotajwa leo zimo Pakistan.

## Mambo ya msingi

1. Sanaa ya India ilianza na dini gani?

Miji ya kale kabisa, Mohenjo-daro na Harappa katika bonde la mto Indus, ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi. Iliacha mihuri ya mawe yenye picha za fahali, tembo na kifaru, bwawa kubwa la matofali, na kisanamu cha shaba cha msichana aliyeshika kiuno, urefu wake kama sentimita 10 tu. Maandishi ya watu hao hayajasomeka mpaka leo. Anayekuonyesha mhuri na kukuambia "huyu ni Shiva", mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, anakupa dhana yake.

Sanaa ambayo dini yake haina ubishi inaanza hasa na Ashoka, mfalme wa karne ya 3 KK aliyeingia Ubudha na kusimamisha nguzo za mawe zilizosuguliwa hadi zikang'aa kama kioo. Simba waliokaa juu ya nguzo yake ya Sarnath ndio nembo ya taifa la India tangu tarehe 26 Januari 1950, na gurudumu lililo katikati ya bendera ya India limetoka kwenye nguzo hiyohiyo.

2. Ni dini ngapi zimeacha alama kwenye majengo ya India?

Uhindu, Ubudha, Ujaini, Uislamu na dini ya Kalasinga ndizo kubwa. Ongeza Ukristo, Uyahudi, Uzoroasta na Ubaha'i. Ipo hata dini iliyokwisha kabisa: Waajivika, watawa waliochongewa mapango ya Barabar huko Bihar enzi za Ashoka. Hawana mfuasi hata mmoja leo, lakini kuta za mapango yao bado zinateleza ukizipapasa.

3. Nikiona picha tu, nitajuaje kama ni hekalu la Wahindu, la Wajaini, la Wabudha au la Kalasinga?

Ukiona kilima cha mviringo cha matofali au mawe, kimejaa ndani na hakina chumba cha kuingia watu, hiyo ni stupa ya Wabudha. Huhifadhi masalia ya mtakatifu, na waumini huizunguka kwa nje. Ukiona jengo lenye kuba na bwawa kando yake, milango pande zote, na ndani hakuna sanamu bali kitabu kilichofunikwa kitambaa, hilo ni gurudwara la Kalasinga.

Kati ya Wahindu na Wajaini kazi ni ngumu zaidi, maana kwa nje mahekalu yao hufanana sana. Tazama sanamu ya katikati. Mungu wa Kihindu ana vitu mikononi, ana mnyama wake wa kupanda, na mara nyingi ana mwenzi. Mtu wa Kijaini ametulia peke yake, amekaa au amesimama wima, mikono mitupu. Zaidi katika swali la 13.

4. Kwa hiyo kila dini ilikuwa na mtindo wake wa kujenga?

Hapana. Hili ndilo kosa linalozaa makosa mengine yote. Vitabu vya shule hugawanya "sanaa ya Kihindu", "sanaa ya Kibudha" na "sanaa ya Kiislamu" kama masanduku matatu. Dini iliamua jengo ni la nini: nani anaingia, anatazama wapi, nini kinaruhusiwa kuchongwa. Sura ya jengo iliamuliwa na mawe yaliyopatikana mahali pale na mafundi waliokuwapo, na mafundi hao walimjengea aliyewalipa.

Ushahidi wa zamani uko Sanchi, katikati ya India, kwenye malango ya stupa kuu. Kwenye lango la kusini kuna maandishi yanayosema uchongaji ule ni kazi ya mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Watu waliozoea kuchonga vitu vidogo vya anasa walipewa jiwe, na inaonekana: kila nafasi imejazwa, hakuna mahali jicho linapumzika. Gujarat ya karne ya 15 inasimulia jambo hilohilo kwa misikiti (swali la 15).

## Mahekalu na sanamu za Kihindu

5. Kwa nini miungu ina mikono mingi?

Kwa sababu mchongaji ana umbo moja tu la kusema mambo mengi kwa pamoja. Kila mkono unabeba kazi au sifa moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shiva anayecheza ngoma, Nataraja, sanamu ya shaba iliyofikia ubora wake wa juu chini ya wafalme wa Chola huko Tamil Nadu, karne ya 10 hadi ya 12. Mkono mmoja una kijingoma: mdundo wake ni kuumbwa kwa ulimwengu. Wa pili una moto: kuteketezwa kwake. Wa tatu umeinuliwa, kiganja mbele, kusema usiogope. Wa nne unaelekeza mguu ulioinuliwa, ambao ndio kimbilio la muumini. Mguu mwingine unamkanyaga kibeti anayewakilisha ujinga. Mduara wa ndimi za moto unamzunguka. Ni mahubiri mazima, na asiyejua kusoma angeyafuata.

Sanamu hizo zilitengenezwa kwa nta. Fundi huchonga umbo la nta, hulipaka udongo, huupasha moto hadi nta itoke, kisha humimina madini yaliyoyeyuka kwenye uwazi uliobaki. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa. Mji wa Swamimalai, karibu na Thanjavur, bado una mafundi wanaofanya hivyo.

6. Wahindu wanaabudu jiwe lenyewe?

Ukimuuliza kuhani atakujibu kwamba sanamu ikitoka kwa fundi ni jiwe au shaba tu. Hufanyiwa ibada maalumu ya kumwalika mungu akae ndani yake, na macho yake hufunguliwa mwisho. Baada ya hapo huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa na kulishwa kama mgeni wa heshima. Sanamu iliyovunjika kwa kawaida haitumiki tena katika ibada. Hatua kubwa ya muumini hekaluni ni kuonana na mungu jicho kwa jicho, ndiyo maana macho ya sanamu nyingi ni makubwa kupita kiasi.

Wapo Wahindu wanaokataa sanamu kabisa. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1875 na yenye kumbi zake Nairobi pia, huabudu mbele ya moto bila sanamu yoyote.

7. Mbona nje hekalu ni kubwa hivyo, na ndani ni chumba kidogo chenye giza?

Chumba hicho huitwa garbhagriha, chumba cha tumbo la uzazi. Hakina dirisha. Unatoka juani, unapita ukumbi wenye nguzo, mwanga unapungua hatua kwa hatua, nakshi zinapungua nazo, hadi unabaki na taa ya mafuta na uso wa mungu. Mnara uliopo juu ya chumba hicho unawakilisha mlima, kwa hiyo muumini huingia pangoni ndani ya mlima. Hekalu la Kihindu halikubuniwa kwa ajili ya watu kukusanyika kusikiliza hotuba kama kanisani. Mtu huja, huzunguka kwa kufuata mkono wa kulia, huonana na mungu wake, huondoka.

8. Mahekalu ya kaskazini na ya kusini yanatofautianaje?

Kaskazini (mtindo wa Nagara) mnara hupanda kwa mpindo na kukusanyika juu. Kusini (mtindo wa Dravida) hupanda kwa ngazi, ghorofa juu ya ghorofa. Hekalu la Brihadisvara la Thanjavur, lililokamilishwa mwaka 1010 na Rajaraja Chola wa Kwanza, lina mnara wa itale unaozidi mita 60.

Baadaye kusini walihamishia urefu wote kwenye malango. Huko Madurai, katika hekalu la Meenakshi, malango yamejaa maelfu ya sanamu za rangi kali, wakati paa la chumba kitakatifu halionekani kwa urahisi kutoka barabarani. Watalii wengi hupiga picha lango wakidhani ndilo hekalu.

9. Ni kweli hekalu la Kailasa huko Ellora lilichongwa kutoka juu kwenda chini?

Kweli. Halikujengwa, lilitolewa mlimani. Katika karne ya 8, chini ya Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, mafundi walichimba mitaro mirefu kwenye mwamba wa jiwe jeusi la volkano, wakaacha bonge katikati, wakaanza na kilele cha mnara wakishuka. Hakukuwa na haja ya jukwaa, lakini hakukuwa na nafasi ya kukosea pia: ukivunja pua ya tembo huna jiwe la kubadilisha. Zana zilikuwa nyundo na tindo. Madai kwamba mashine za viumbe kutoka sayari nyingine zilihusika ni burudani ya YouTube. Alama za tindo bado zipo ukutani.

Kailasa ni pango la 16 kati ya 34 pale Ellora. La 1 hadi la 12 ni ya Wabudha, la 13 hadi la 29 ni ya Wahindu, la 30 hadi la 34 ni ya Wajaini. Yamepangana kwenye mteremko mmoja kama nyumba za mtaa, na baadhi yalichongwa katika karne zilezile. Kwa anayetaka kuelewa swali la 4, hapo ndipo pa kwenda.

10. Kwa nini mahekalu ya Khajuraho yana picha za watu wakijamiiana?

Kwanza tuweke kiasi sawa: picha hizo ni sehemu ndogo ya michongo ya Khajuraho. Nyingine nyingi ni miungu, wanamuziki, askari, na wanawake wanaojipamba au kutoa mwiba mguuni. Mahekalu yalijengwa na wafalme wa Chandela, mengi yake kati ya mwaka 950 na 1050.

Maelezo yako kadhaa, na hakuna lililoshinda. Wengine husema raha ya mwili, iitwayo "kama" kwa Kisanskriti, ni mojawapo ya malengo halali ya maisha katika Uhindu, kwa hiyo haina sababu ya kufichwa. Wengine husema picha za uzazi ni kinga dhidi ya nuksi. Wengine hutaja mafundisho ya siri ya Tantra. Mimi naona maelezo mawili ya kwanza yana nguvu zaidi, kwa sababu picha kama hizo ziko pia Konark, kwenye hekalu la mungu jua la karne ya 13, mahali palipokuwa na wafalme wengine na ibada nyingine. Zingatia kwamba chumba kitakatifu cha ndani hakina picha hizo.

11. Ile alama ya msalaba uliopinda ni ya Wanazi?

Ni ya kale kuliko Wanazi kwa maelfu ya miaka. Imo kwenye mihuri ya bonde la Indus, na Wahindu, Wajaini na Wabudha wote huitumia kama alama ya heri. Utaiona kwenye mlango wa duka wakati wa Diwali, hata Mombasa au Dar es Salaam. Wanazi waliichukua karne ya 20.

## Ubudha na Ujaini

12. Nimesoma kwamba hapo mwanzo Buddha hakuchongwa kabisa. Kwa nini, na nini kilibadilika?

Kwenye malango ya Sanchi, karne ya 1 KK, hadithi za maisha ya Buddha zimechongwa zote lakini yeye mwenyewe hayumo. Yuko farasi asiye na mpandaji huku mwavuli umeinuliwa juu ya nafasi tupu. Ziko nyayo, kiti kitupu chini ya mti, gurudumu. Wataalamu wengine husema aliyefikia nirvana, yaani kuzimika kabisa asizaliwe tena, hawezi kupewa mwili tena; wengine husema zile ni picha za mahali pa hija, na mahujaji walikuta kweli mti na kiti.

Kufikia karne ya 1 na ya 2 BK, chini ya wafalme wa Kushan, sura yake inatokea sehemu mbili karibu kwa wakati mmoja. Gandhara, kaskazini-magharibi ya Pakistan ya leo, ilikuwa na mabaki ya utamaduni wa Kigiriki, na Buddha wa huko ana nywele za mawimbi na joho zito lenye mikunjo kama la Mrumi. Mathura, kusini ya Delhi, Buddha ni mtu wa kifua kipana, nguo nyepesi, jiwe jekundu, na anafanana na sanamu za mizimu ya miti zilizokuwapo kabla yake. Dini ni ileile. Mafundi ndio tofauti.

13. Buddha na Mahavira wanafanana mno. Nitawatofautishaje?

Buddha siku zote ana nguo, hata ikiwa nyembamba kiasi cha kuonekana mstari tu shingoni. Mahavira na walimu wengine wa Kijaini, jumla yao 24, mara nyingi wako uchi na wana alama katikati ya kifua. Wajaini wa kundi la Digambara huona nguo ni mali, na mtawa ameacha mali zote. Ukiona mtu amesimama wima kabisa, mikono imening'inia bila kugusa mwili, huyo hakika ni Mjaini.

Sanamu maarufu kuliko zote za namna hiyo iko Shravanabelagola, Karnataka: Gommateshwara, jiwe moja la itale la mita 17 hivi, la karibu mwaka 981. Mimea ya kutambaa imemzunguka miguu na mikono kwa jinsi alivyosimama akitafakari bila kutikisika. Kila baada ya miaka 12 hivi humwagiwa maziwa, manjano na maua kutoka kwenye jukwaa linalojengwa nyuma yake.

Kwa upande mwingine Wajaini, watu wa kujinyima, ndio waliolipia nakshi za anasa kuliko zote: dari za marumaru za Dilwara kwenye mlima Abu (hekalu la kwanza ni la mwaka 1031), na hekalu la Ranakpur ambalo kwa jadi huhesabiwa kuwa na nguzo 1,444. Mkanganyiko huo si mkubwa kama unavyoonekana. Mfanyabiashara Mjaini hakuruhusiwa kazi nyingi zinazoua viumbe, aliingia kwenye biashara na fedha, na kutoa fedha hizo kwa hekalu kulimpunguzia mzigo.

14. Kama Buddha alikuwa wa India, mbona Wabudha wako wachache huko?

Misaada ya wafalme ilihamia taratibu kwenye mahekalu ya Shiva na Vishnu, Buddha akaingizwa katika orodha ya sura za Vishnu, na vyuo vikubwa vya watawa kama Nalanda vilipigwa na majeshi ya Waturuki karibu mwaka 1200. Mapango ya Ajanta, yenye michoro bora ya ukutani ya India ya kale, yalikuwa yameachwa muda mrefu kabla ya hapo. Afisa wa Kiingereza aitwaye John Smith aliyakuta akiwinda mwaka 1819.

## Uislamu

15. Ni kweli misikiti ya kwanza ya Delhi ilijengwa kwa mawe ya mahekalu?

Ndiyo, na hakuna aliyeficha. Msikiti wa Quwwat-ul-Islam, uliopo chini ya mnara wa Qutb Minar wa mita 73 hivi, una maandishi langoni yanayosema mawe yalitoka kwenye mahekalu 27. Nguzo zenye kengele na minyororo ya kuchongwa bado zinaonekana uani.

Lakini tazama matao ya ukuta mkubwa wa mbele wa mwaka 1199. Kwa macho ni matao, kiufundi si matao: mawe yamelazwa moja juu ya jingine, kila moja likitokeza kidogo, hadi yakakutana juu. Waashi wenyeji walijua nguzo na boriti. Tao la kweli lenye jiwe la katikati lilikuwa geni kwao, basi wakatoa sura iliyotakiwa kwa ufundi waliokuwa nao. Lango la Alai Darwaza la mwaka 1311, hatua chache kutoka hapo, lina matao ya kweli na kuba safi. Karne moja ilitosha.

Kuvunja au kuteka vitu vitakatifu vya adui hakukuanza na Waislamu. Mfalme Rajadhiraja wa Chola, Mhindu, aliuchoma mji wa Kalyani wa wafalme wa Chalukya, Wahindu pia, katika karne ya 11 na kubeba sanamu ya mlinzi wa mlango. Maandishi chini ya sanamu hiyo yanajivunia jambo hilo.

Gujarat mambo yalienda tofauti. Msikiti wa Ijumaa wa Ahmedabad wa mwaka 1424 una ukumbi wa nguzo zaidi ya 250, na ukiondoa mihrabu ungesema uko Ranakpur. Mafundi wa eneo moja, karne moja, waliwajengea Waislamu na Wajaini. Palipokuwa na mungu kwenye kishubaka cha ukuta, msikitini pana taa au mti.

16. Je, kuna Waafrika waliojenga majengo makubwa India?

Wapo, na inashangaza jinsi wanavyotajwa kidogo. Msikiti wa Sidi Saiyyed uko Ahmedabad na ni wa mwaka 1572 au 1573, wakati Usultani wa Gujarat ukikaribia kuanguka mbele ya Akbar, mfalme wa ukoo wa Kiislamu wa Mughal. Sidi Saiyyed mwenyewe alikuwa mmoja wa Mahabeshi waliokuwa na vyeo Gujarat. Madirisha yake ya nyuma ni vyandarua vya jiwe. Moja lina mti ambao matawi yake yanapindana na kujaza tao zima bila kurudia. Taasisi ya usimamizi ya Ahmedabad imechukua dirisha hilo kuwa nembo yake.

Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia karibu mwaka 1548 na kuuzwa mtumwa, alifika kuwa mtawala halisi wa Ahmadnagar, akaanzisha mji wa Khadki mwaka 1610, ambao baadaye uliitwa Aurangabad. Alifariki mwaka 1626, na kaburi lake la kuba liko Khuldabad, kilomita chache kutoka Ellora.

17. Taj Mahal ni msikiti?

Ni kaburi. Msikiti upo, upande wa magharibi, na upande wa mashariki kuna jengo linalofanana nao lililowekwa ili pande mbili zilingane. Shah Jahan, mfalme wa Mughal, alianza ujenzi mwaka 1632, mwaka mmoja baada ya mkewe Mumtaz Mahal kufariki akijifungua mtoto wa 14. Kaburi lilikamilika karibu mwaka 1643, na eneo lote karibu mwaka 1653.

Dini imo kwenye mpango wenyewe. Bustani iliyokatwa mara nne kwa mifereji ni Pepo na mito yake. Aya zilizopangwa na mwandishi Amanat Khan zinamwongoza mgeni: kwenye lango kuu anakutana na Surat al-Fajr, inayoishia na nafsi iliyotulia kuambiwa iingie Peponi, kisha anavuka kizingiti na kuiona bustani. Herufi za juu ni kubwa kuliko za chini ili macho yazione sawa. Wakati huohuo, kuba limevikwa ua la yungiyungi lililopinduliwa na vibanda vinne vidogo pembeni ni chhatri, kitu cha Rajasthan.

18. Na zile hadithi: mikono ya mafundi kukatwa, Taj nyeusi, hekalu la Shiva chini yake?

Ya mikono haina ushahidi wowote. Ya Taj nyeusi ng'ambo ya mto ilienezwa na msafiri Mfaransa Tavernier katika karne ya 17. Uchimbaji ulikuta bustani tu. Ya hekalu ilitungwa na P. N. Oak karne ya 20, Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaitupa mwaka 2000. Idara ya mambo ya kale ya India nayo imesema mahakamani kwamba lile ni kaburi.

19. Uislamu unakataza picha. Wafalme wa Mughal walichora vipi?

Msikitini hapana picha, na hilo halikuvunjwa. Picha zilikaa kitabuni, na kitabu kilikaa ikulu. Akbar aliajiri mabingwa kutoka Uajemi wakafanya kazi na wachoraji Wahindu wa kwao. Kazi yao kubwa ya kwanza, visa vya Hamza, ilikuwa na picha 1,400 hivi. Kisha akaamuru Mahabharata, utenzi mkubwa wa Kihindu, itafsiriwe Kiajemi na kuchorwa. Mafunzo hayo yalitoka ikulu yakaingia kwa wafalme wadogo wa Kihindu, na ndiyo maana mungu Krishna wa michoro ya milimani huvaa kama kijana wa Kimughal.

## Kalasinga na wengineo

20. Hekalu la Dhahabu la Amritsar lina maana gani?

Lina milango minne, kwa kuwa linakaribisha watu wa pande zote na matabaka yote, na unashuka ngazi kulifikia badala ya kupanda. Kitabu kitakatifu kiliwekwa humo mwaka 1604 na Guru Arjan, kiongozi wa Kalasinga. Jengo lilibomolewa zaidi ya mara moja katika karne ya 18. Dhahabu ni ya Ranjit Singh, mfalme wa Kalasinga, karne ya 19. Kuta za chini ni marumaru yenye maua ya mawe ya rangi, ufundi uleule wa Taj.

Jiko la bure ni sehemu ya ujenzi wa gurudwara lolote. Anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa analijua la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na Kalasinga wa reli.

## Huku kwetu, na mambo yenye utata

21. Nakshi za milango ya Zanzibar ni za Kihindi?

Baadhi. Mafundi na wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh waliacha alama kubwa katika karne ya 19, na misumari mikubwa ya shaba kwenye mbao hufanana na ile ya milango ya ngome za India. Milango yenye kichwa cha tao na nakshi zilizojaa ni ya Kihindi zaidi. Yenye kizingiti cha mstatili na aya za Qurani ni ya Kiarabu na Kiswahili. Uchongaji wa pwani, hata hivyo, ni wa kale kuliko wafanyabiashara hao, kwa hiyo usimpe Mhindi kila ua.

22. Je, mahekalu ya kisasa bado hujengwa kwa njia ya zamani?

Mengine ndiyo. Hekalu la Swaminarayan la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, lilichongwa vipande zaidi ya 26,000 huko India kwa mawe ya Bulgaria na Italia, kisha likaunganishwa Uingereza bila nguzo za chuma. La Nairobi lilifuata mwaka 1999, la Abu Dhabi mwaka 2024.

23. Kuna nini hasa Ayodhya?

Ayodhya ni mji wa kaskazini ya India. Msikiti wa Babri uliokuwa huko, wa karibu mwaka 1528, ulibomolewa na umati wa Wahindu tarehe 6 Desemba 1992, kwa madai kwamba mahali pale alizaliwa mungu Ram. Vurugu zilizofuata ziliua watu wengi, wengi wao Waislamu. Tarehe 9 Novemba 2019 mahakama kuu kabisa iliwapa Wahindu ardhi hiyo, ikaamuru Waislamu wapewe ekari tano kwingine, na papo hapo ikasema kubomoa msikiti kulivunja sheria. Hekalu jipya, la mtindo wa Nagara, lilizinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Mbunifu wake anatoka ukoo wa Sompura, wajenzi wa mahekalu kwa vizazi.

24. Mimi si Mhindu. Naruhusiwa kuingia?

Mara nyingi ndiyo. Vua viatu, kwa Wajaini acha nje na mkanda wa ngozi, kwa Kalasinga funika kichwa. Hekalu la Jagannath huko Puri haliruhusu wasio Wahindu hata kidogo. Taj Mahal hufungwa kwa watalii siku ya Ijumaa.

25. Sanamu ikiibwa, ni mali ya nani? Mungu anaweza kushtaki mahakamani?

Kwa sheria ya India, mungu aliyewekwa hekaluni ni mtu kisheria: anamiliki ardhi, ana wakili, anashtaki na kushtakiwa. Katika kesi ya Ayodhya (swali la 23) mmoja wa wadai alikuwa Ram mwenyewe.

Jambo hilo lilifika hadi Uingereza. Nataraja wa shaba kutoka hekalu lililoachwa la Pathur, Tamil Nadu, alifukuliwa ardhini na kuuzwa, akaishia mikononi mwa kampuni moja ya Kanada, kisha akakamatwa na polisi London. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba hekalu, ingawa ni magofu, lina haki ya kudai, na sanamu ikarudishwa India. Jumba la sanaa la taifa la Australia nalo lilirudisha Nataraja wake mwaka 2014, baada ya kumnunua kwa zaidi ya dola milioni 5 na kugundulika kuwa aliibwa kijijini Sripuranthan. Kwa hiyo ukiuziwa sanamu ya kale ya shaba bila karatasi za ilikotoka, iwe Dubai au mnadani London, anayeweza kuja kuidai ni mungu mwenyewe, kupitia wakili wake.